Mteja kaniambia nimemuuzia kuni: uzi wa kitalu cha miche Lushoto, msimu wa kuchipua

Mkata Vikonyo (mleta uzi)

Wakuu, habari za asubuhi.

Leo ukungu umewahi kuondoka huku juu. Saa mbili na nusu jua lilikuwa limeshafika mstari wa tatu wa viriba, vile vifuko vya kuoteshea miche. Nazunguka kitaluni na kikombe cha chai mkononi, nikaona macho ya plamsi, yaani vichipukizi vilivyofunga, yameanza kupasuka. Siyo yote. Mche mmoja hapa, mwingine kule, kancha ka kijani kadogo kuliko kichwa cha njiti ya kiberiti. Kwenye ule uzi wa parachichi niliahidi kuandika kuhusu maisha ya kitalu, nikawa nakwepa. Basi leo naandika, na nitaandika kwa vipande maana vijana wananiita kila dakika.

Kwa wasiopajua: Lushoto mjini ni kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kitalu changu kiko juu zaidi, njia ya kuelekea Magamba. Pale Mombo unapanda gari shati limelowa jasho, unapigwa kona kwa kilomita zaidi ya 30, ukishuka unaulizia sweta. Baridi hiyo ndiyo mtaji wangu. Miti ninayoishi nayo ni ile inayopukutisha majani: plamsi, pichesi, peasi na tufaha. Parachichi ninazo pia, ila hizo nitazisema baadaye.

Juni kipupwe kikiingia majani yanakuwa ya njano, yanaanguka. Kufika katikati ya Julai kitalu kinatia huruma. Viriba kama elfu tatu, kila kimoja na kijiti kitupu kimesimama. Mama mkwe alikuja kututembelea mwaka niliooa, akasimama mlangoni pa kitalu akatazama, akamuuliza mke wangu kwa sauti ya chini kama tuna kitu kingine tunachofanya.

Sasa kuhusu kuni. Mwaka juzi Julai alikuja baba mmoja na pikapu, anataka miche 50 ya plamsi. Nikamwambia kabisa, mzee wangu, imelala, usiogope. Akalipa, akaondoka. Wiki mbili baadaye simu: "Kijana, umeniuzia kuni." Nikajaribu kumweleza. Hakutaka maelezo, alitaka hela yake, na maneno mengine siyaandiki humu kwa sababu kuna watoto. Nikamwambia achukue kucha, akwangue gamba la mche mmoja kidogo tu, chini ya jicho. Ukikuta kijani kibichi chenye unyevu, mti uko hai. Ukikuta kahawia kavu, hapo nina deni lako. Akakata simu.

Septemba mwishoni akanitumia picha bila neno lolote. Miche 41 imechipua. Tisa imekufa kweli. Nikaenda mwenyewe kuangalia hiyo tisa, nikakuta ameifukia mpaka juu ya kidonda cha kubebeshea, pale kikonyo (kitawi cha aina nzuri) kilipounganishwa na shina la mti mwingine, halafu akaifunika samadi mbichi ikagusa shina. Nilimpa mingine tisa bure. Najua kuna watakaosema nilikosea kumlipa kwa kosa lake. Labda. Lakini kumwambia "imelala" nilimwambia. Kumwonyesha kwa kidole mahali pa kuishia udongo sikumwonyesha.

Naendelea jioni.

Chuma Ulete

Mkuu nimekaa siti ya mbele. Tupia na picha.

Babu Kijiko

Hapo kwa mama mkwe nimecheka sana 😂 Endelea.

Mkata Vikonyo

Nimerudi. Swali ambalo kila mtu huniuliza: mti unajuaje kwamba muda wa kuamka umefika, wakati huku hatuna theluji wala majira manne?

Unahesabu baridi. Wataalamu wanahesabu saa ambazo joto limeshuka chini ya nyuzi 7 hivi za Selsiasi. Aina nyingi za tufaha za Ulaya zinataka saa 800, hata 1,000 na zaidi, ndipo ziamke vizuri. Huku kwetu hatuzifikishi hata tukikesha nje tukiomba. Ndiyo maana ndugu yako akikuletea kijiti cha tufaha kutoka Ulaya kwenye begi, kitashika, kitatoa majani mawili matatu nchani, kisha kitakaa hivyo miaka kama mtu aliyekosa usingizi. (Na kuleta kijiti kwenye begi ni kuleta magonjwa pia. Msifanye.) Sisi tunatumia aina za baridi kidogo. Anna ilizalishwa Israel, Dorsett Golden ilipatikana Bahamas, sehemu ambayo ukitaja baridi watu wanacheka. Hizo zinaridhika na saa mia mbili tatu au pungufu. Na uzipande pamoja, kwa sababu Anna inahitaji chavua ya mwenzake na hizo mbili zinachanua wakati mmoja.

Kazi kubwa ya kitalu inafanyika mti ukiwa usingizini, na hapa ndipo watu wengi wanaoanza wanapotea. Wanasubiri waone kijani ndipo washike kisu.

Vikonyo vinakatwa Julai, macho yakiwa yamefunga kabisa. Natafuta tawi la mwaka uliopita, nene kama penseli, lililopata jua. Nakata asubuhi na mapema, nafunga ishirini ishirini, nazungushia gazeti lililoloweshwa na kukamuliwa, kisha nailoni, naweka kwenye friji chini kabisa, mbali na matunda. Friji yangu ni ya kitalu, siyo ya nyumbani, baada ya ugomvi ambao sitaueleza. Matunda yanayoiva hutoa hewa inayoua macho ya vikonyo, kwa hiyo hata ndizi moja sitaki kuiona humo.

Shina la chini kwa plamsi na pichesi ni mche wa pichesi uliotokana na kokwa. Makokwa nayakusanya kuanzia Desemba, watoto wa jirani wananiletea kwa ndoo, mimi nawalipa na wao wameshakula. Kokwa nalo linataka baridi. Ukilifukia tu, mengine yatakaa mwaka mzima yanakutazama. Naweka kwenye mchanga wenye unyevu, friji ile ile, miezi miwili hadi mitatu, natoa yakiwa yameanza kujifungua yenyewe.

Kubebesha kwenyewe: kata mteremko mmoja tu, mrefu kama sentimita tatu, usirudierudie. Kisu kikirudi mara ya pili kinaacha mawimbi, na palipo na wimbi pana hewa, na palipo na hewa hapashiki. Kwenye mteremko wa shina unachana ulimi mdogo, kwenye kikonyo vilevile, unavisukuma ndimi zinaumana. Kile kimstari cha kijani kilicho kati ya gamba na mti ndicho kinachotakiwa kugusana. Kama kikonyo ni chembamba kuliko shina, usikiweke katikati. Kisogeze upande mmoja, angalau kijani kiguse kijani upande huo. Kisha nailoni, kaza. Fundi aliyenifundisha alikuwa ananishika mkono ananiambia, "Kaza kama unafunga kidonda cha mwanao."

Nimwage na la aibu. Mwaka 2021 tulipata msiba nyumbani Julai yote, nikarudi kitaluni wiki ya tatu ya Agosti. Vikonyo sikuwa nimekata. Nikaenda nikakata hivyo hivyo, macho yameshavimba, mengine yamefungua. Nikabebesha 400. Siku kumi za kwanza yalikuwa yanapendeza, majani madogo yanatoka, nikajisifu kwa jirani. Siku ya kumi na tano yakanyauka karibu yote kwa pamoja. Kikonyo kilikuwa kinakula akiba yake mwenyewe, chini hakijaungana na chochote. Nilipata miche 61. Tangu hapo, hata iwe nini, Julai tarehe za mwanzo kuna mtu anashika mkasi, kama siyo mimi basi mke wangu, na kusema kweli mkono wake unashikisha kuliko wangu.

Nyanda za Juu

Mkuu, mimi niko Njombe. Mitufaha yangu ina miaka mitatu, aina ni Anna. Majani ya mwaka jana bado yako juu, magumu, yana madoa, hayaanguki. Wenzake wa plamsi wameshachanua. Shida nini?

Mkata Vikonyo

Umenigusa penyewe. Tufaha kwenye nchi za joto linachanganyikiwa. Halipati baridi ya kutosha ya kuliambia lala, basi linabaki nusu macho, jani la zamani linang'ang'ania. Lipukutishe wewe. Pita kwa mkono, ng'oa majani yote, usivute kuelekea chini ukachuna na jicho. Sukuma jani kuelekea juu, linakatika lenyewe. Kwa mti wa miaka mitatu ni kazi ya dakika kumi na tano. Baada ya hapo mpe maji. Wiki tatu nne utaona macho yanavimba. Na matawi yaliyosimama wima kama fimbo yainamishe kwa kamba, ufunge kwenye vigingi. Tawi lililolala linatoa macho mengi, lililosimama linatoa jicho la nchani tu na kuwanyima wengine.

Kaangalie na shina. Ukiona kama pamba nyeupe kwenye mikunjo, iguse. Ikiacha rangi nyekundu kidoleni, hao ni vidukari vya pamba, wanajificha hata mizizini.

Nyanda za Juu

Pamba ipo! Nilidhani ni ukungu. Naenda sasa hivi.

Bwana Kigamboni

Wakuu na mimi nina kiwanja Kigamboni, robo eka. Nataka maepo. Mleta uzi nitumie 30 kwa basi.

Mkata Vikonyo

Kaka, nikikutumia nitakuwa nimekuibia. Huko hata Anna haitalala. Kiwanja cha Kigamboni panda embe, ndimu, stafeli. Mimi nikitaka embe dodo nateremka Mombo nanunua, siwezi kuota ndoto ya kulivuna Magamba.

Bwana Kigamboni

Ila kuna jamaa mtandaoni anauza, anasema yanazaa popote.

Mama Kitunguu

Muulize huyo jamaa kama na yeye yuko popote.

Dada wa Boskoop

Hodi humu. Mimi ni mtu wa Tanga lakini niko Uholanzi, mji wa Boskoop, mji wenyewe umejaa vitalu. Nafanya kazi kwenye kitalu cha maua ya kudumu, yaani yale yanayokufa juu wakati wa baridi na kurudi kwenye mzizi ule ule kila mwaka. Kaka umenichekesha na kuni zako, maana huku tuna vyungu vya udongo mtupu. Januari ukiingia unaona maelfu ya vyungu vyeusi, ndani hamna kitu. Unafanya kazi ya kupalilia magugu kwenye chungu ambacho hujui kama mwenye nyumba yumo.

Halafu Machi inaanza. Peoni zinatokeza ncha nyekundu kama vidole vya mtoto mchanga. Hosta zinatoka zimejikunja, ngumu, zimechongoka kama risasi, na konokono wanazijua kabla yetu. Ua linalotusumbua ni lile la jamii ya rozela, hibiskasi ya kinamasi. Hilo linaamka mwisho kabisa, wakati mwingine Mei inakwisha ndiyo linatoa kichwa. Kila mwaka kuna wateja wanarudisha vyungu, wamekasirika, wanasema limekufa. Bosi anapokea, anaweka pembeni, Juni yanachipua, anayauza tena. Mwanzoni niliona ni dhuluma, siku hizi nacheka tu.

Ila mwenzangu wewe unaogopa nini usiku? Sisi tunaogopa jalidi. Aprili jua linadanganya, majani yanatoka mororo, halafu usiku mmoja joto linashuka chini ya sifuri na asubuhi yote meusi kama yamechemshwa. Wazee wa huku hawatoi mimea laini nje mpaka wapite IJsheiligen, Watakatifu wa Barafu, siku zao katikati ya Mei. Hali ya hewa ikitangaza jalidi tunaamshwa saa tisa usiku kutandika vitambaa. Wenye bustani za matunda wao wananyunyizia maua maji usiku kucha. Maji yanapoganda yanatoa joto, ua linabaki salama ndani ya barafu. Mara ya kwanza kuona matufaha yamechanua ndani ya vioo vya barafu nilimpigia mama video, akaniuliza kama huko ninakoishi watu wana akili.

Mkata Vikonyo

Dada karibu sana, na nimefurahi kusikia wazungu nao wanarudisha "kuni".

Jalidi huku kwangu ni nadra, kule mabondeni kwenye mboga ndiko inakopiga. Ninachoogopa mimi wakati huu ni unyevu. Ukungu, manyunyu, majani mapya mororo: hapo ndipo ugonjwa wa kujikunja majani ya pichesi unapoingia. Jani linavimba, linajikunja, linakuwa jekundu kama limeungua. Nimeona watu wananunua dawa wakishaliona jani jekundu. Pesa imepotea. Dawa ya kopa (shaba) inapigwa mti ukiwa kijiti kitupu, kabla jicho halijafungua, kwa sababu kijidudu kinangoja kwenye magamba ya jicho lenyewe. Likishafungua, umeshachelewa mpaka mwakani. Unachoweza ni kuchuma majani mabovu na kuyafukia mbali.

Kingine ni machipukizi ya chini. Msimu huu shina la pichesi linaamka kwa nguvu zote na linatoa vichwa vyake chini ya kidonda. Vinapendeza, vina afya kuliko kikonyo. Kijana mpya anavihurumia. Kila siku mbili napita na kidole gumba navidondosha vikiwa laini. Ukiviacha mwezi, kikonyo kinasusa, na mteja atanunua mche wenye majani mazuri sana ambao ni pichesi pori. Ndiyo maana nikisikia mtu anachagua mche kwa wingi wa majani namshika mkono, namwonyesha kwanza kidonda kiko wapi na majani yanatoka juu yake au chini yake.

Mama Kitunguu

Baba, samahani kukutoa kwenye plamsi. Niko Rungwe, nina kitalu kidogo cha parachichi, viriba 800. Miche inanyauka wakati udongo umelowa. Nazidi kumwagilia, inazidi kunyauka.

Mkata Vikonyo

Mama acha kumwagilia leo hii. Huo siyo kiu, mizizi imeoza. Chomoa mmoja, uoshe mizizi. Mizizi myembamba ikiwa myeusi na inakatikakatika, ni Phytophthora, kijidudu kinachoozesha mizizi. Huyo anaogelea kwenye maji, kwa hiyo kila unapomwagilia unampa usafiri. Iliyougua toa nje ya kitalu kabisa, na udongo wake usirudie kuutumia. Viriba usiviweke chini kwenye ardhi tupu, tandika kokoto au viinue kwenye vichanja. Toboa matundu zaidi chini. Mbegu za msimu ujao, ziloweke kwenye maji ya moto wa nyuzi 49 hadi 50 kwa nusu saa, na utumie kipimajoto, usikisie kwa mkono, maana ukizidisha unapika.

Usijione mzembe. Parachichi zote za Hass duniani zinatokana na mti mmoja wa tarishi wa posta huko California, Rudolph Hass, aliyeupatia hataza mwaka 1935. Huo mti mama ulikufa mwaka 2002, na kilichouua ni kuoza mizizi.

Mama Kitunguu

Nimechomoa. Ni myeusi 😭 Upande wa juu wa kitalu iko safi lakini, upande wa bondeni ndiyo yote.

Mkata Vikonyo

Basi maji yanateremka kutoka juu yanatuama bondeni. Chimba mfereji kati ya pande hizo mbili leo, kabla ya kitu kingine. Na ukitoka bondeni usiende juu na viatu hivyo hivyo, wala jembe hilo hilo.

Babu Kijiko

Mkuu, babu yangu alikuwa anabebesha mwezi ukiwa mchanga tu. Kuna ukweli?

Mkata Vikonyo

Na fundi wangu alikuwa hivyo. Mimi nabebesha vikonyo vikiwa tayari na mikono ikiwa haitetemeki kwa baridi. Ila nikiwa na nafasi ya kuchagua, nachagua mwezi mchanga, sina sababu.

Chuma Ulete

Picha bado mkuu.

Mkata Vikonyo

Simu yangu ina kioo kilichopasuka, picha zote zinatoka na ufa. Nitaazima ya mke.

Wiki hii kazi ni hizi, ndipo nikalale. Nailoni za kubebeshea kwenye miche iliyotoa majani manne matano nalegeza, siitoi, vinginevyo inakata shina. Viriba vilivyochipua nahamisha kutoka chini ya wavu, kwanza jua la asubuhi tu, baada ya wiki mbili jua la siku nzima, ili vuli ikifika Oktoba miche isishtuke shambani. Udongo wa kujazia viriba vipya unachanganywa: udongo wa juu ndoo tatu, samadi iliyooza ndoo mbili, mchanga ndoo moja. Udongo wa msituni sichukui, ile Magamba ni hifadhi, na wanaokamatwa huko siku hizi hawarudi na ndoo zao.

Wakulungwa

Mkuu bei? Nataka plamsi 100 kabla ya vuli.

Mkata Vikonyo

Plamsi zilizo tayari zimebaki 70, na zote zina mtu. Za Julai hii sitazitoa kabla ya Novemba, kidonda bado kichanga. Bei njoo PM, lakini nikuulize kwanza uko wapi na maji yako yanatoka wapi.

Wakulungwa

Niko Soni. Maji ya mfereji.

Mkata Vikonyo

Soni ni jirani, panda bodaboda uje Jumamosi. Njoo asubuhi kabla ya saa nne, uvae viatu vya kulowana. Peasi nazo zimeanza leo mchana, nimehesabu kumi na nne.